Mkunjo Wenye Uzi Mwekundu

Nyumbani,
3 Februari

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Marahaba, na salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Naomba uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Sina udhuru wa maana wa kukupa, kwa kuwa mzee mstaafu anayeishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne hawezi kusema kwamba alibanwa na shughuli. Ukweli ni kwamba niliandika barua nyingine kabla ya hii nikaichana, maana ilijaa malalamiko juu ya goti langu, na dada yako, Mungu amlaze pema, hakumpenda mtu anayejaza barua kwa magonjwa.

Unaniuliza, kwa niaba ya jirani yako anayefikiria kuagiza sweta za watoto kutoka nje, watu wa forodha huamuaje kwamba hii ni nguo ya mtoto mchanga na ile siyo. Wewe mwenye duka la nguo za watoto miaka yote hii hukuwahi kuniuliza. Amekuja jirani wa juzi ndiye anauliza! Tafadhali mpe jibu hili.

Kwanza, ofisa hutazama kama nguo imefumwa kwa vitanzi vinavyoshikana, kama soksi, au kwa nyuzi zinazopishana, kama shuka la kitanda. Za vitanzi zimo katika sura ya sitini na moja ya kitabu cha ushuru, na zile nyingine katika sura inayofuata. Hapo hakuna ubishi, kwa sababu ukiivuta nguo kidogo tu, kitanzi hujitaja chenyewe. Pili, hutazama ni ya nani. Nguo ya mtoto mchanga ni ile inayomfaa mtoto ambaye urefu wake, kutoka utosini hadi kisiginoni, hauzidi sentimita themanini na sita. Ikimfaa huyo, ushuru wake ni mwepesi. Nadhani hata serikali huona haya kumbana mtu ambaye bado hajaanza kusema. Ikizidi hapo, inakwenda kukaa pamoja na sweta za wakubwa, na ushuru wa huko, kwa ajili ya kulinda viwanda vya ndani, ni wa kuvunja mgongo. Jirani yako awe mwangalifu sana na vipimo.

Kama atapenda kujua zaidi: nguo inayofungwa mbele, upande wa kushoto ukiulalia wa kulia, ni ya kiume. Wa kulia ukiulalia wa kushoto, ni ya kike. Isiyojulikana kuwa ni ya nani huhesabiwa kuwa ya kike.

Naona nimetoa mhadhara. Nisamehe. Ni muda mrefu tangu mtu aniulize jambo ninalolijua.

Mwezi wa Juni utatimia mwaka wa tatu tangu dada yako atuache. Kijana wetu hataweza kuja, kazi inambana huko aliko. Ningefurahi sana kama wewe ungekuja tukae pamoja siku hiyo. Chumba cha wageni nimekipaka rangi mimi mwenyewe, na nakuomba mapema usikitazame kwa karibu.

Ndimi shemeji yako,
Mzee wa Forodha


Dukani,
14 Februari

Shemeji Futi,

Shikamoo. Usinune nikikuita hivyo. Jina hilo alikupa dada, wala halikuwa la kukudharau. Nakumbuka ukikaribia mlango alikuwa anatuambia, "Bwana Futi huyo anakuja, ficheni mkate asije akaupima." Halafu anakimbia kukufungulia kabla hujabisha.

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa dukani. Mama muuza viatu wa mlango wa pili aliposikia ile habari ya vifungo alishika kiuno. "Yaani kitu wasichokijua ni cha nani wanawatupia wanawake? Hiyo mbona siyo forodha, hapo ni nyumbani kwangu!" Tulicheka mpaka mteja mmoja akaondoka akidhani tunamcheka yeye. Na yule padri aliyekufundisha sura na aya pale shuleni sijui angesema nini, akijua kwamba sura uliyoishika kuliko zote ni ya soksi na sweta.

Jirani yangu amefurahi mno. Anasema sweta zake ni za mtoto wa urefu huo huo ulioutaja, amezipima na kuzipima tena, na sasa halali kwa wasiwasi. Ameweka kila alichonacho humo. Mzigo ukikwama, na duka lake limekwama. Ila mimi nimemwambia atulie, kanuni iko wazi.

Juni nitakuja. Tena siji mikono mitupu. Nina kitu nataka ukione wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiniulize ni nini, maana nakujua, utataka kwanza nikwambie uzito wake.

Goti lipe mafuta ya moto. Dada hayupo, kwangu unaweza kulalamika.

Mimi shemeji yako,
wa Dukani


Nyumbani,
2 Machi

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Utaniwia radhi ukiona mwandiko umeyumba. Ni furaha tu. Nimeitwa kazini!

Sijui kama nilipata kukueleza juu ya jopo la wastaafu. Mwenye mzigo na ofisa wa forodha wasipoelewana, sampuli moja hutolewa katika mzigo na kupelekwa kwa mzee mmoja miongoni mwetu, atoe maoni. Ili asipendelee mtu, haambiwi mwenye mzigo ni nani wala umetoka wapi, na lebo ya nguo hukatwa kabla haijamfikia. Ni utaratibu wa haki sana. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa walioupendekeza.

Tarishi aliileta asubuhi. "Mzee, saini hapa," akasema. "Ofisini wanasema wewe ndiye uliyebaki mwenye macho." Nikamjibu kwamba macho yenyewe ni ya kioo, akacheka kwa adabu.

Kanuni zinanikataza kukueleza sampuli ni nini, nami sitakueleza. Nitasema tu, kwa kuwa wewe si mtu wa kuvujisha siri, kwamba ni sweta ya mtoto, rangi ya maziwa, na kwamba nimeugundua ndani yake ujanja ambao ofisa kijana angeupita bila kuuona. Kwa nje ni sweta ya mtoto mchanga kabisa. Lakini nilipoupapasa mkono niliuona mnene mwishoni. Nikaugeuza. Shemeji, mkono ulikuwa umekunjwa kwa ndani, na kukunjwa tena, na kila mkunjo umeshikizwa kwa mishono michache mno! Na ukingo wa chini vivyo hivyo. Ndani ya kila mkunjo umepitishwa uzi mmoja mwekundu, nadhani ni alama ya kiwanda ya kuwaonyesha wenyewe wapi pa kufumulia mzigo ukishavuka forodha. Nilichukua mkasi mdogo wa dada yako, ule uliomo katika kikapu chake cha nyuzi, nikaifumua mikunjo yote, nikaipiga pasi, nikapima. Ni sweta ya mtoto anayekimbia na kujibizana na wakubwa. Imezidi kipimo, tena kwa mbali.

Nimeandika maoni kurasa tatu. Sijapata kuandika vizuri hivi tangu nistaafu. Nitayatia sahihi na kuyapeleka tarehe kumi na tano, baada ya kuyasoma upya, maana haraka haifai katika mambo ya haki.

Nilipomaliza niliinua kichwa nimwite dada yako aje asikilize. Bado hunitokea.

Ndimi shemeji yako,
Mzee wa Forodha


Dukani,
9 Machi

Shemeji,

Shikamoo. Nafurahi umepata kazi.

Nina maswali, nawe hupenda kuulizwa. Huyo mwenye mzigo, kuna mtu aliyemuuliza kwa nini alikunja? Na sweta yenyewe, kabla hujaifumua, uliishika? Nasema kuishika tu, bila futi. Na huo uzi mwekundu, katika maisha yako yote hujauona mahali pengine popote?

Isome tena kabla ya tarehe kumi na tano. Siyo hayo maoni yako, sweta.

Mimi shemeji yako,
wa Dukani


Nyumbani,
16 Machi

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Barua yako fupi ilinishangaza kidogo, nikahofu kwamba u mgonjwa. Kama ni hivyo, nisamehe kwa kukuchosha na habari za sweta.

Maswali yako ni ya mtu mwerevu. Mwenye mzigo haulizwi. Ndiyo desturi yetu, kwamba nguo ijisemee yenyewe, kwa sababu kila mwenye mzigo ana hadithi ya kuliza watu. Kuhusu kuishika, niliishika sana. Bila kuishika ningeuonaje unene wa mikunjo? Na uzi mwekundu nimeuona katika vitu visivyohesabika: midomo ya magunia, pindo za blanketi za hospitali, mabunda ya posta. Ni rangi inayopendwa kwa kuwa huonekana upesi.

Nimeisoma tena kama ulivyoniomba, nami sikuona la kubadilisha. Jana niliyatia sahihi maoni yangu. Katibu wa jopo aliyasoma mbele yangu, akasema, "Mzee, hapa hakuna pa kupitishia hata sindano." Nilirudi nyumbani kwa miguu, goti lisiniume hata kidogo.

Nakungoja Juni.

Ndimi shemeji yako,
Mzee wa Forodha


Dukani,
20 Aprili

Shemeji,

Shikamoo.

Sina jirani anayeagiza sweta. Jirani ni mimi.

Dada alipokuwa mgonjwa, miezi ile ya mwisho, alikuwa akifuma kitandani. Wewe ulidhani anafuma ili asifikirie maumivu. Alikuwa anamfumia mjukuu ambaye kijana wenu bado hajampata, na aliponiona nimekaa bure akanifundisha na mimi. Aliyoifuma ilibaki kwangu. Mwaka jana nikampa mfanyabiashara mmoja aende nayo ng'ambo, kwenye kiwanda, wazifume kama ile ile, kitanzi kwa kitanzi, na mikunjo yake, na uzi mwekundu ndani ya kila mkunjo. Walitaka kuuacha uzi, wakasema hauna kazi. Nikagombana nao kwa simu mpaka wakaurudisha. Na lebo mliyoikata ilikuwa na jina lake. Hivyo ndivyo nilivyotaka ziitwe. Ya kwanza kutoka bandarini ingekuwa yako, ningekukabidhi Juni.

Shemeji, uzi ule ulikuwa wa kumwonyesha mama wapi pa kufumulia. Mtoto akikua, anafumua mkunjo mmoja. Akikua tena, unaofuata. Dada alifuma hivyo maisha yake yote. Mtoto wenu alivaa sweta moja tangu hajaanza kutambaa hadi alipoanza chekechea. Mimi nilikuwa naishi kwenu, niliona kwa macho yangu.

Barua yako ya tarehe mbili Machi ilinikuta nafungua duka. Nilikaa kwenye ngazi. Ningeweza kukuandikia pale pale, "Ni mzigo wangu, na ni mkono wa mke wako." Kalamu nilishika. Lakini nakujua: ungejitoa siku hiyo hiyo, ungeandika na barua ya kuomba radhi, na sampuli ingepelekwa kwa mtu asiyetujua. Na kuna kingine, afadhali nikiseme. Nilijiambia, mtu aliyekaa na mkono huu tangu ujana wake hawezi kuushika asiutambue. Nikaona nikikuambia nitakuwa nimekutukana. Kwa hiyo nikauliza maswali yangu ya kipuuzi, nikangoja.

Wakala wangu wa forodha alinipigia jana. "Mama, mtaalamu mwenyewe kasema. Hapa hata ulie machozi ya damu." Ushuru wa sweta za wakubwa siuwezi, hata nikiuza duka na rafu zake. Mzigo wanaupeleka mnadani.

wa Dukani


Nyumbani,
26 Aprili

Kwa Katibu wa Jopo la Wastaafu,

Bwana,

Kwa unyenyekevu naomba kuyaondoa maoni yangu ya tarehe kumi na tano Machi juu ya sampuli ya sweta ya mtoto, rangi ya maziwa. Nilikosea. Nguo huainishwa kama ilivyo siku inapofika forodhani, na siku hiyo ilikuwa imekunjwa na kushonwa kumfaa mtoto mchanga. Mimi niliifumua kwanza, kisha nikapima. Nilimpima mtoto atakayekuwa, nikamwacha aliyepo.

Napaswa pia kukujulisha kwamba nimepata kujua baadaye kuwa mwenye mzigo ni shemeji yangu, dada wa marehemu mke wangu. Sikulijua hilo nilipotia sahihi. Natambua kwamba kwa kulitaja nalidhoofisha ombi langu, lakini siwezi kulificha.

Ndimi mtumishi wako mtiifu,
Ofisa wa Uainishaji (mstaafu)


Ofisi ya Jopo,
8 Mei

Kwa Ofisa wa Uainishaji (mstaafu),

Mzee wetu mpendwa,

Barua yako imepokelewa na kujadiliwa. Jopo linasikitika kwamba haliwezi kuyaondoa maoni ambayo uamuzi umekwisha kutolewa juu yake, hasa kwa ombi la mtu ambaye, kama ulivyotueleza kwa uaminifu unaojulikana, ana udugu na mwenye mzigo. Utakumbuka kwamba kanuni hiyo uliiandika wewe.

Aidha, maoni yako yalionekana kuwa na hoja zilizopangwa vizuri kiasi kwamba yamechapishwa kama mwongozo kwa maofisa wapya. Kwa kuyafuata, mikunjo ya sweta zote imefumuliwa na vibarua wa yadi, ili bidhaa ifike mnadani kama ilivyoainishwa. Mnada ni tarehe kumi na nne. Unakumbushwa kwamba aliyetoa maoni juu ya mzigo haruhusiwi kuununua.

Sampuli, pamoja na lebo yake, unarudishiwa kwa heshima.

Katibu wa Jopo


Nyumbani,
20 Mei

Kwa Shemeji yangu,

Sijui niianzeje barua hii. Shuleni kwa wamisheni tulifundishwa namna ya kuanza barua ya pongezi, ya maombi, na ya rambirambi. Hii hatukufundishwa.

Nilikwenda yadini kabla ya mnada, nikamwomba msimamizi aniache niseme neno. Ni kijana niliyemfundisha kazi. "Mwalimu," akaniambia, na aliona uchungu, "mwongozo wako uko ukutani kwangu. Nitafanyaje?" Ulikuwapo kweli, umebandikwa juu ya meza yake. Niliusoma tena nikiwa nimesimama. Umeandikwa vizuri sana, Shemeji. Hilo ndilo baya lake.

Vibarua walikuwa wamemaliza. Sweta zilikuwa chungu nzima juu ya turubai, mikono yote imening'inia. Sakafu ilikuwa nyekundu kwa vipande vya uzi, na mmoja wao alikuwa akivifagia. Dalali alipanda juu ya kreti, akapaza sauti: "Mikono mirefu hiyo, mama! Baridi haina pa kuingilia!" Watu wakacheka. Aliyenunua alinunua zote kwa pamoja, na sikumwona uso.

Nyumbani nilikifungua kikapu cha dada yako. Siku ile ya mkasi niliufikia mkasi tu, nikafunga. Safari hii nilitoa kila kitu, nikakipanga mezani. Chini kabisa kulikuwa na kijiti kilichozungushiwa uzi mwekundu, na sindano imechomekwa humo, bado ina uzi.

Nikampigia kijana wetu. Simu siipendi, unajua sisikii vizuri, lakini hili nililisikia. "Baba, hukujua kweli?" akasema. "Hata sweta yangu ya shule ilikuwa hivyo. Kila shule ikikaribia kufunguliwa, mama aliiweka mezani anafumua mkunjo, nawe uko upande wa pili unasoma gazeti."

Ni kweli, nilikuwa upande wa pili. Miaka yote ile nilidhani tunanunua sweta mpya. Nakumbuka hata siku moja nilimwambia, kwa upole, nilivyodhani, kwamba mke mwenye matumizi mazuri hanunui sweta ya rangi ile ile kila mwaka. Aliniangalia, akacheka, akaendelea kukata uzi. Hakunieleza. Ningependa kumuuliza kwa nini. Huenda aliniona nimeshughulika na gazeti. Huenda alikuwa anangoja, kama ulivyongoja wewe, nione mwenyewe.

Nimezishika nguo za watu wote waliopitia bandari hii. Ya nyumbani kwangu niliitambua kwa barua.

Sikuombi unisamehe, ingekuwa kukuongezea kazi. Nakuomba tu uje Juni, kama moyo utakuruhusu.

Shemeji yako


Dukani,
2 Juni

Shemeji,

Shikamoo.

Siji. Usidhani nimekukasirikia. Nilikasirika Aprili, imekwisha. Sasa nimechoka tu, na nina kazi ya kuhamisha vitu. Nusu ya duka amechukua mama wa viatu. Mimi nabaki na upande wa dirisha. Ananitania eti sasa tutauza viatu vya watoto wachanga, tusubiri utuandikie sura yake. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Na mimi nina kosa langu. Karatasi ilikuwa mbele yangu, mstari mmoja ungetosha. Nilitaka umtambue dada wewe mwenyewe, nikakufanyia mtihani bila kukuambia kwamba ni mtihani. Dada asingefanya hivyo. Dada angekuambia, "Bwana Futi, weka chini hiyo futi, tazama."

Hilo la kwa nini hakukueleza, nilimuuliza siku moja, zamani, nilipokuwa kwenu. Alisema, "Muache. Anafurahi kudhani ana mke mwenye matumizi mabaya, anapata cha kumsamehe." Ndivyo alivyosema, akicheka. Sikujua kama nikuandikie hilo. Nimeona ni lako, ulichukue.

Siku yake washa taa sebuleni mapema. Alikuwa hapendi nyumba ya giza.

wa Dukani


Nyumbani,
30 Juni

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Pamoja na barua hii utapata sweta moja, rangi ya maziwa. Ni ile sampuli. Nimeikunja upya mikono na ukingo wa chini, na ndani ya kila mkunjo nimepitisha uzi mwekundu wa kijiti cha dada yako. Mishono yangu ni mibaya sana. Nilijichoma vidole, na mkono wa kushoto umetokea mfupi kuliko wa kulia. Nimeshona na lebo mahali pake. Uiweke upande wako wa dirisha, kama utaona inafaa, au uifungie kabatini. Sitauliza.

Siku yake niliwasha taa mapema kama ulivyoniagiza. Nilikaa upande wangu wa meza, kisha nikahamia wake. Kutoka hapo gazeti linaonekana vizuri, na anayelisoma haonekani kabisa.

Asante kwa neno lake ulilonipelekea. Nilicheka nilipolisoma.

Kuna jambo moja zaidi, na nakuomba radhi kwa kukurudisha huko. Juzi nilikuwa natoka zahanati kwa ajili ya goti. Mbele yangu alikuwa anatembea mama kijana na mtoto wa kike ambaye miguu ndiyo kwanza inaanza kumtii. Mtoto alikuwa amevaa moja ya zile. Mikono ilimning'inia mpaka karibu na magoti, na kila alipotaka kushika sketi ya mama yake alishika mkono wake mwenyewe. Akajikwaa, akaanguka, na hakuweza kujiinua kwa sababu vidole havikuonekana. Mama mtu akamwinua. "Sweta yenyewe kubwa mno," akaniambia kwa haya, maana aliona nimesimama kutazama. "Lakini ndiyo tuliyoipata, babu."

Nilimwomba ruhusa. Nikainama, goti likalia kama bawaba ya mlango, nikamkunjia mtoto mkono wa kulia, nikaukunja tena, kisha wa kushoto. Alama za mishono ya kwanza bado zilikuwapo, vitundu vidogo vidogo, na mikunjo ilirudi mahali pake bila kulazimishwa. Vidole vikatokea. Mtoto alivitazama, akanishika pua.

Nilimwambia mama yake ashikize kwa mishono michache tu, na mtoto akikua afumue mmoja, na akikua tena afumue mwingine, na kwamba akiitunza itamfikisha hadi chekechea. Alinitazama kwa mshangao.

"Babu, kumbe wewe ni fundi?"

Nikamwambia hapana, mama. Nilikuwa mume wa fundi.

Shemeji yako,
Futi